Mama Yuko Kila Duka

Tarehe 6 Septemba

Kitinda mimba wangu,

Mama yako ni mzima, anakula vizuri, na ana habari. Kaa chini kwanza. Kama umeshakaa, kaa vizuri.

Juzi Sindano aliingia chumba chetu cha vifungo. Nakukumbusha, maana umeondoka siku nyingi: Sindano ndiye bosi wetu, mwenye kiwanda cha sare. Tunamwita hivyo kwa sababu ni mwembamba, na akikuchoma hulii mbele yake, unakwenda kulilia nyumbani. Siku hiyo alikuwa amewaka. Shule moja ilifika duka letu la kituo cha mabasi ikitaka sketi za kijani, ikaambiwa zimekwisha, ikaenda kununua kwa washindani wetu. Kumbe sketi zenyewe zimejaa bohari hadi panya wanazilalia! Duka halijui bohari ina nini. Bohari haijui duka limeuza nini. Na lile duka la mji wa pili, hilo nadhani halijui hata kama sisi huku bado tu hai. Kila mahali pana kompyuta yake, na kompyuta hizo haziongei, utadhani wake wenza waliogombania chungu.

Sindano akasema, "Nitatafuta watu wa kompyuta wanitengenezee kitu kimoja cha kuunganisha haya yote."

Mwanangu, mimi nilikuwa na pini mdomoni. Nikazitema. Nikasema, "Bosi, usitafute. Nimemzaa."

Mama Pacha, yule fundi wa cherehani ya dirishani, akanikanyaga mguu chini ya meza, lakini mimi nikikanyagwa ndiyo naongeza. Nikamweleza kazi yako kama ulivyonieleza wewe: kwamba mauzo, bohari, mishahara na maagizo ya wateja vyote unavikusanya pamoja, na havikai ndani ya kompyuta ya ofisini inayoweza kuungua au kuibwa, vinakaa kwenye makompyuta makubwa ya mbali yenye walinzi, mnayoyaita wingu, na kila duka linavifikia kwa mtandao. Akaniuliza, "Na mvua ikinyesha?" Nikamjibu, "Bosi, wingu la mwanangu halinyeshi, linahifadhi." Hilo nililitunga palepale. Litumie kwenye matangazo yako, sikudai kitu.

Wanasema kizuri chajiuza. Waongo! Kizuri nacho kinataka mama wa kukitangaza. Basi nimemwambia Sindano kwamba utamaliza kabla ya watu kuanza kununua sare za mwaka mpya wa shule. Nimemwambia pia kwamba kampuni yako ni kubwa sana. Jiandae.

Usinijibu kwa simu. Unajua sikio langu la kulia lilibaki kwenye vyerehani, na hili la kushoto likiwekewa simu linasikia nyuki ndani ya kopo. Niandikie, mpe dereva wa basi. Barua naisikia vizuri.

Mamako mzazi,
Msimamizi wa Chumba cha Vifungo


Tarehe 11 Septemba

Shikamoo Mama,

Barua yako niliisoma nimesimama, ndipo nikajua kwa nini uliniambia nikae.

Mama, hiyo kampuni kubwa sana ni mimi, na Miwani anayeandika programu, na binti wa kupokea simu ambaye mwezi uliopita tulimwomba apumzike kwanza kwa sababu simu hazilii. Sikutaka ujue. Mteja wetu mkubwa alituacha akahamia kwa ile kampuni ya ghorofani, watu wa tai. Walimwambia kazi yake haiwezi kuachiwa vijana wenye meza mbili. Halafu watu haohao wa tai wakaniandikia mimi, kwa upole kabisa: nifunge kampuni yangu, niende nikaajiriwe kwao. Wamenipa hadi mwisho wa mwaka niwajibu. Kila asubuhi naamka nimeshakubali, na kila jioni nalala nimekataa.

Kwa hiyo elewa ulichokifanya. Kazi ya Sindano ndiyo ya mwisho iliyobaki mezani. Nikiipata, kampuni yangu itaishi. Nikiikosa, Januari nitakuwa na tai shingoni. Na nikiharibu, nitaharibu mahali ambapo wewe umefanya kazi tangu kabla sijazaliwa, mbele ya watu unaokunywa nao chai.

Lakini Sindano alinipigia jana. Nilitegemea atanidharau, akaniuliza maswali ya mtu ambaye halali kwa kuwaza sketi za kijani. Mama, naijua dawa ya sketi hizo. Hiyo ndiyo kazi ninayoiweza kuliko zote.

Nitakuja. Ila usimwambie jirani wa mlango wa bluu, tafadhali, hadi tushinde.

Mwanao,
Kitinda mimba


Tarehe 16 Septemba

Mwanangu,

Nimekasirika robo saa, nimemaliza. Unanificha njaa mimi niliyekunyonyesha? Tuyaache.

Kuhusu kampuni kubwa, sikusema uongo. Nilisema kubwa, sikusema watu wengi. Mlima ni mmoja na ni mkubwa.

Jirani nilikuwa nimeshamwambia kabla barua yako haijafika. Amenuna. Tangu mwanawe awe daktari wa meno hatujapumua mtaani, kila ukicheka anakuchungulia mdomoni.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Mhasibu wetu, yule anayetembea kama sakafu ni yake, ameleta watu wa tai kiwandani. Ndiyo, haohao wako! Wamekuja watatu wananukia. Wakasema kwa kazi hii lazima linunuliwe likompyuta kubwa, lijengewe chumba cha baridi. Wakaanza kugonga kuta za chumba chetu cha chai wakisema hapa panafaa. Mama Pacha akawauliza, "Na sisi tutanywea chai wapi, humo ndani na likompyuta, tumevaa makoti?"

Mhasibu akacheka, akamwambia Sindano mbele yetu, "Bosi, lete unachotaka, cha bei ghali au cha huyo binti. Hawa kina mama wa vyerehani hawatakigusa. Utanunua gari halafu watalisukuma."

Nilimwona Sindano anatufikiria mmoja mmoja. Kisha akasema neno lake, na Sindano akisema hageuki. Wewe uweke mfumo wako, tuutumie kwa majaribio kila mahali: kiwandani, bohari, maduka yote. Tarehe 14 Novemba dada zake wawili, wenye hisa pamoja naye, watakaa huko mjini kwako, waangalie kwenye skrini kazi ya huku inavyokwenda. Watu wa tai nao watakuwepo. Wakiona wafanyakazi wenyewe tunautumia, kazi ni yako. Wakiona hatuutumii, ni ya watu wa tai, na chumba cha chai kwaheri.

Umesikia? Haitegemei wewe peke yako. Inategemea sisi. Basi umeshashinda, maana mama yako ndiye sisi.

Njoo na nguo ya heshima.

Mamako,
Vifungo


Tarehe 19 Oktoba

Mama mpenzi,

Nimefika salama. Miwani anakushukuru kwa sweta, ingawa mikono inamfika magotini.

Nilikuja kuweka mfumo, ukanitembeza kama bibi harusi. Nimesalimiana na mlinzi, na mlinzi wa jirani, na yule muuza magazeti aliyeniambia ananijua tangu niko tumboni. Lakini kazi imekaa vizuri kuliko nilivyotumaini. Bohari wakipokea majora ya kitambaa, maduka yanaona. Duka likiuza shati, kiwanda kinaona. Mzee wa bohari alipobonyeza mara ya kwanza akaambiwa kwa simu mashati yake yametokea kwenye kioo cha kompyuta ya duka la mji wa pili, alivua kofia.

Sasa nakuomba jambo moja, ulishike. Kila mfanyakazi ataingia kwa jina lake mwenyewe na neno lake la siri. Wewe umeshaidhinishwa, kwa kuwa Sindano alisimama pale hadi mhasibu akabonyeza. Wengine mhasibu atawaidhinisha wiki hii, ndivyo alivyoahidi. Neno la siri, Mama, ni kama mswaki. Huazimi mtu, hata ukimpenda vipi.

Kwa jina la mtu tunajua nani kafanya nini, wapi, saa ngapi. Ndiyo roho ya kazi yote.

Nina hofu na mhasibu, lakini sina hofu na wewe.

Mwanao


Tarehe 7 Novemba

Mwanangu, nuru ya macho yangu, fedheha ya maadui zangu,

Furahi! Kiwanda kizima kinatumia! Nasema kizima: mafundi, wakataji, bohari, duka la sokoni, duka la kituo cha mabasi, hadi mji wa pili. Mhasibu akipita anakuta wamama wameinamia vioo, wanabonyeza, anaishia kuuliza kama chai imeiva.

Na ujue haikuwa rahisi. Yule bwana hakumwidhinisha mtu. Jumatatu anasema kesho, Jumanne anasema mtandao mbaya, Jumatano ana mafua. Watu wanataka kujifunza, vioo vipo, na hakuna aliyefunguliwa mlango isipokuwa mimi. Nikamwona hivi: anataka siku ifike tukiwa tumekaa kama magunia, ili maneno yake yatimie.

Mimi ni mtu wa kukaa kama gunia? Nikawapa neno langu.

Najua ulisema ni kama mswaki. Nimekuelewa, sikupuuza. Lakini mswaki mmoja hauwatoshi watu wote, neno linawatosha. Kazi hii tumeijua kwa kugawana: ukipata mkasi mkali, jirani naye akate. Leo nimnyime Mama Pacha, aliyenifundisha kutoboa tundu la kifungo? Yeye akaupeleka ujumbe kwenye maduka kwa simu, maana mimi simu siisikii. Alilitamka neno langu kwa sauti ya mnada, hata muuza magazeti sasa analijua.

Sasa kila mahali wakifungua kioo kinawaandikia: "Karibu, Mama Vifungo." Wananiambia hata wakiwa mji wa pili wanaona kama niko nao. Mzee wa bohari anakisalimia kioo kila asubuhi. Anaogopa asipoitikia nitanuna.

Niko kila duka, mwanangu! Nimeuza, nimepokea vitambaa, nimekata, nimeshona, na wala sijainuka kwenye kiti. Waje hao dada waangalie. Wataniona kila upande.

Mama yako,
anayefanya kazi mahali pote


Tarehe 8 Novemba

Mama,

Wiki hii sijapata barua yako, na hii nakuandikia kwa haraka. Nilikupigia jana. Ukasema, "Ndiyo, tumekula, asante," ukakata.

Kuna mtu ameiba jina lako.

Miwani ndiye aliyeona. Jumanne asubuhi, kwa wakati mmoja, uliuza soksi sokoni, ukapokea majora bohari, ukashona sketi kiwandani, na ukampa mteja punguzo katika mji wa pili. Nakujua una mbio, lakini si hizo. Miwani anaamini ni watu wa tai: wameingia kwa jina lako ili siku ya mkutano wavuruge. Wewe ndiye uliyeidhinishwa, wewe ndiye mama yangu, nani mwingine wangemchagua? Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi sijui ni nguo ipi.

Nilijiuliza kama labda ulimpa mtu neno lako. Nikajijibu hapana. Nilishakueleza habari ya mswaki.

Dada zake Sindano wameuliza sana kuhusu usalama. Kwa hiyo asubuhi ya tarehe 14 tunawasha kinga: jina lolote likitumika sehemu zaidi ya moja kwa wakati mmoja, linafungwa papo hapo. Mwizi akijaribu, atanaswa mbele yao. Wewe fanya kazi yako kama kawaida, wala usimwambie mtu. Usimwamini mtu, Mama. Hata aliye karibu.

Mwanao mwenye wasiwasi


Tarehe 14 Novemba

Mwanangu,

Basi liliharibika njiani, barua yako ya mwizi nimeipata leo jioni. Mwizi mwenyewe ndiye anayekuandikia.

Naandika bila kujua huko kwenu imekuwaje. Hakuna anayeniambia. Kwa hiyo nakupa ya huku yote, uyaunganishe na yako.

Asubuhi nilivaa lile gauni la maua makubwa. Mafundi wamechana nywele, mzee wa bohari kanyoa ndevu, na mimi kidevu chake sijawahi kukiona. Tukaanza kazi. Vioo vyote vikawaka, "Karibu, Mama Vifungo," huku na kule, mimi nimejaa kifua. Tukashona kidogo. Halafu kioo cha Mama Pacha kikawa chekundu. Kikaandika: Jina hili limefungwa. Kikafuata changu. Mzee wa bohari akapiga kelele. Simu ya Mama Pacha ikalia, duka la sokoni wanauliza wamebonyeza nini, kituo cha mabasi wanauliza wamevunja nini, mji wa pili wanalia kabisa.

Mhasibu alikuwa mlangoni, mikono kifuani. Akasema taratibu, "Nilisema mimi. Gari wanalisukuma."

Nilijua ni mimi. Sikujua ni nini nimefanya, ila jina lililofungwa ni langu, na limefungwa kila mahali, na wewe uko mbele ya watu. Mama Pacha akaniambia, "Kaa, shoga, rangi imekutoka." Nikamwambia, "Siwezi kukaa, mwanangu amesimama."

Mara akaingia Sindano, simu sikioni. Alikuwa anakusikiliza wewe, sasa najua. Anaitikia tu, "Eeh. Eeh. Nimekuelewa." Kisha akamgeukia mhasibu. "Kwa nini hawa hawajaidhinishwa?"

"Bosi, nilikuwa napanga wiki ijayo..."

"Waidhinishe. Wote. Mimi nimesimama hapa."

Ungemwona! Kidole cha mhasibu kilibonyeza kama kinaungua. Jina baada ya jina, na kila mmoja akiitwa anakwenda kwenye kona kugeukia ukuta achague neno lake la siri. Safari hii hakuna kuambiana. Mama Pacha alijifunika kwa khanga kichwa kizima. Mkataji mmoja akamchungulia, akapigwa rula. Mzee wa bohari alichagua neno zuri sana, akalisahau kabla hajageuka, ikabidi arudi ukutani. Maduka nayo yakaambiwa kwa simu, kila mtu achague lake.

Mimi nikawa wa mwisho. Nikachagua jipya. Nikarudi mezani nikashona kifungo kimoja, nikabonyeza kuwa nimekishona, basi. Sikuwa na nguvu ya cha pili.

Nimekuaibisha? Niambie ukweli. Mimi nilitaka tu wasikae kama magunia.

Mama


Tarehe 15 Novemba

Mama yangu, mwizi wangu,

Acha kulia, soma.

Nilipita ofisi ya basi nikielekea kwenye mkutano, wakanipa barua yako ya tarehe 7. Niliisomea kwenye ngazi. Nilipofika kwenye "mswaki mmoja hauwatoshi watu wote" nilikaa chini na nguo yangu ya heshima. Kinga imeshapangwa kujiwasha yenyewe mkutano ukianza, Miwani ameshatangulia ndani, na mimi najua kwamba dakika chache zijazo mama yangu atafungwa katika kila duka. Nilitaka kurudi nyumbani. Badala yake nikacheka. Nilicheka hadi mlinzi akaja kuangalia. Kwa maana nilikuwa nimeelewa kitu ambacho watu wa tai hawakijui: kwamba wote mnautumia.

Tulikaa mezani. Dada mkubwa ana miwani ya kamba na haongei. Dada mdogo anaongea kwa niaba ya wote wawili. Watu wa tai walikuwa wanne. Skrini ukutani, jina lako likipita juu yake kama kundi la ndege. Kisha pwa! nyekundu. Nyekundu kote.

Mkubwa wa tai akaegemea kiti. "Naona mfumo umelala."

Nikasimama. "Haujalala. Umekataa. Watu wengi wanatumia ufunguo mmoja, na mfumo umefunga mlango, kama tulivyouagiza. Kama angekuwa mwizi, angekuwa amenaswa hivi hivi."

"Na watu hao wengi ni nani?" akauliza dada mdogo.

"Ni wafanyakazi wenu wote," nikasema. "Hawakuruhusiwa kuingia kwa majina yao, wakaazima la mama yangu ili wajifunze. Mliambiwa hawatagusa. Wamegusa hadi tumewafungia nje."

Nikampigia Sindano. Yaliyobaki uliyaona wewe upande wa pili. Ngoja nikuambie tulivyoyaona sisi.

Skrini ilikaa tupu. Mkubwa wa tai akatazama saa yake, akaitazama tena. Kisha likatokea jina moja: Mama Pacha, sketi za kijani, zimekamilika. Likatokea la pili, duka la sokoni. Mji wa pili. Mkataji. Kituo cha mabasi. Halafu hatukuweza kuyafuata tena, yalikuja kama watu wanaotoka uwanjani, kila mmoja na kazi yake, kila kazi na mwenyewe. Jina kamili la mzee wa bohari lilipojitokeza, dada mkubwa akavua miwani akasogea karibu na ukuta.

"Huyu mzee," akasema, "alikuwa bohari baba yetu akiwa hai. Sikujua jina lake kamili."

Watu wa tai walikuwa na karatasi zao za chumba cha baridi mkononi, hawakuzifungua. Na mwisho kabisa likaja jina lako peke yake: Mama Vifungo, kifungo kimoja.

"Huyo ndiye mwizi?" akauliza dada mkubwa.

"Ndiye."

"Mwambie nimemwona."

Tumesaini, Mama. Kiwanda chote, maduka yote, na duka la mji wa tatu wanalolifungua. Binti wa simu amerudi kazini leo asubuhi, na simu imelia mara tu alipokaa. Hukuniaibisha. Ungewaacha wakae kama magunia, jana nisingekuwa na kitu cha kuonyesha. Ila hilo neno lako jipya, ukimwambia mtu, nitakuja mwenyewe kukufungia nje.

Jambo moja tu. Watu wa tai wameniandikia tena. Wameongeza mshahara, wanasema nafasi yangu bado iko wazi, na wanataka jibu kabla ya mwaka kwisha. Nimeshaamua, ila nimekosa maneno. Wewe ungewajibu vipi?

Mwanao,
mwenye kampuni


Tarehe 28 Desemba

Mwanangu mwenye kampuni,

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nashinda.

Msimu umetukuta tumesimama. Maduka yamejaa wazazi hadi barabarani, na hatujamrudisha mtu mikono mitupu. Juzi nilikuwa kituo cha mabasi, maana Sindano sasa ananituma kufundisha wageni, nauli na chakula juu yake. Akaja mama mmoja na mtoto mrefu kama mlingoti, mkono wa shati umekomea kwenye kiwiko. Ameshazunguka mji mzima. Muuzaji wetu, binti wa juzi tu, akabonyeza, akamwambia, "Saizi yake iko duka la sokoni, wanamtengea, akifika ataikuta kaunta." Yule mama akamwuliza umejuaje na hujainuka? Binti akaona haya. Mimi sikuona. Nikamwambia yule mama kila kitu, tangu ulipozaliwa. Watu nyuma kwenye foleni wakaanza kulalamika, nikawageukia nao nikawaambia.

Sketi za kijani zimekwisha kweli safari hii, bohari, maduka, kote, na ile shule iliyotukimbia ndiyo imechukua za mwisho. Sindano alipoona alitabasamu. Ana meno, hatukuwa tunajua. Mhasibu naye ameketi na Mama Pacha akifundishwa kutafuta maagizo ya nyuma. Mama Pacha anamwambia, "Taratibu, baba, usibonyeze kwa hasira, kioo si adui yako." Anaitikia.

Chumba cha chai kiko palepale. Tumekipaka rangi.

Na jirani alinijia mwenyewe. Ana mkwe mwenye maduka ya dawa, vitabu vyao havipatani, anauliza kama una nafasi. Nikamkaribisha kiti, nikamwekea chai. Nikamwambia nitakuuliza, lakini mwaka huu mmebanwa.

Sasa kuhusu wale watu wa tai. Umeniuliza ningewajibu vipi, na umeuliza penyewe, maana shule sikwenda mbali lakini majibu ninayo. Usiwatukane. Usijisifu, hiyo ni kazi yangu. Waandikie kwa mwandiko mzuri, uwasalimie wote wanne, uwashukuru kwa kukufikiria. Uwaambie kampuni yako haifungwi, inaajiri. Na wao, kama kuna anayehitaji kazi, alete maombi yake kama watu wengine, utayasoma ukipata nafasi.

Mamako